Mwanangu kakutwa na seliaki: watoto hawa wanaongezeka, au zamani tuliwaita waliobemendwa?

Mama_Ngamiani

Asalaam aleykum, na habari za jioni nyote. Naandika kutoka Tanga mjini, Ngamiani. Mnisamehe itakuwa ndefu. Nimelibeba hili miezi mitatu, na hapa nyumbani kila ninayemuuliza ananiambia nimshukuru Mungu mtoto kapona, niache maswali. Nashukuru, lakini swali bado lipo.

Binti yangu ana miaka minne na miezi miwili. Mpaka anafikisha miezi saba alikuwa mtoto wa kusifiwa kliniki, mapaja yamejaa mikunjo. Nikamwanzishia uji wa lishe kama tulivyofundishwa: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, na mimi kwa kutaka awe na nguvu zaidi nikaongeza kilo nzima ya ngano, nikapeleka mashineni. Kufika mwaka na nusu tumbo limejaa kama ngoma, makalio yamekauka, ngozi inaning'inia. Choo kingi, cheupe cheupe, kinaelea, harufu yake jirani anafunga dirisha. Na ukali! Mtoto halali, hataki kubebwa, analia hata ukimtazama. Kadi yake ya kliniki ninayo mpaka leo, mstari wa uzito unalala miezi mitatu, kisha unashuka.

Dawa ya minyoo mara nne. Kapimwa kifua kikuu, kapimwa VVU, katibiwa amiba, katibiwa giadia. Damu ndogo, akapewa dawa ya madini ya chuma, ikapanda kidogo ikarudi kule kule. Mahali pamoja niliulizwa mbele ya foleni nzima kama kweli nampa mtoto chakula. Nilikuwa nimetoka kumlisha andazi mlangoni.

Mtaani neno lilikuwa moja tu: kabemendwa. Kwa wasio wa pwani, mtoto anayenyonya akidhoofu namna ile husemwa wazazi wake wamevunja mwiko, mmoja katoka nje ya ndoa wakati mtoto yuko kifuani. Na mnajua anayetazamwa kwanza ni nani. Mama mkwe hakunitamkia. Alilisema jikoni kwa mawifi zangu na sauti ikanifikia chumbani. Ikaletwa dawa ya mizizi ya kumwogeshea. Nikamwogesha, maana mtoto wako akiisha namna ile unafanya lolote.

Aliyeigundua ni daktari kijana wa watoto. Alimgeuza mtoto, akatazama makalio, akauliza: anakula nini asubuhi? Andazi. Mchana? Wali, ila jioni chapati, na uji wenye ngano. Akasema neno ambalo sijapata kulisikia: seliaki. Damu ikapelekwa Dar es Salaam kupimwa kingamwili za tTG-IgA, zile zinazoonyesha seliaki, majibu yakarudi juu sana. Kisha tukaenda wenyewe, akapitishwa kamera mdomoni mpaka utumbo mwembamba, wakachukua vipande vidogo. Tukaelezwa kwamba ndani ya utumbo kuna vinyweleo vinavyofyonza chakula, na vya binti yangu vimelala vyote, ukuta umebaki bapa. Mwili wake ukikutana na gluteni, ile protini ya ngano, unajishambulia wenyewe. Ngano, shayiri na rai, nafaka nyingine ya jamii ya ngano, basi, maisha yake yote.

Ndani ya miezi mitatu kaongezeka kilo mbili na nusu. Jana kakimbia na wenzake mpaka kona ya barabara na kurudi.

Sasa swali. Daktari alisema katika kazi yake yote huyu ni mtoto wa pili. Shemeji yangu yuko Ulaya, anasema shuleni kwa mwanawe karibu kila darasa lina mtoto mwenye sahani yake ya peke yake. Ugonjwa huu unaongezeka kweli kwa watoto, au ulikuwepo siku zote ila haukutafutwa? Na huku kwetu? Kwa sababu kama ulikuwepo, ni watoto wangapi wa Tanga wamezikwa kwa jina la kubemendwa, na mama zao wakabaki na ile aibu mpaka nao wakazikwa? Nina mwingine wa mwaka mmoja na miezi mitano. Naomba anayejua anijibu kwa kujua.

Kijana_wa_Chuda

Pole sana dada yangu. Mimi naona tatizo ni hii ngano ya siku hizi, ya kisasa, imechezewa. Wazee wetu walikula mkate na boflo miaka yote, hatukusikia haya.

Fundi_wa_Maabara

Waaleykum salaam, dada. Mimi ni mtaalamu wa maabara, nimezaliwa Chumbageni, kazi zangu ziko Dar. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu ndilo wataalamu waliloshindana nalo miaka mingi: samaki wameongezeka, au nyavu zimekuwa na macho madogo?

Tuanze na nyavu. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London alieleza watoto wa mwaka mmoja mpaka mitano wenye tumbo kubwa, choo cheupe cha kunuka, miili iliyokauka. Ni binti yako kabisa. Akasema kama kuna kuponyeka, kutatoka kwenye chakula, ila hakujua chakula gani. Kwa hiyo kaka wa Chuda, ugonjwa ni wa zamani kuliko ngano ya kisasa. Na kuhusu hiyo ngano, mtafiti Donald Kasarda wa Marekani alipitia takwimu za karne ya 20, akaandika mwaka 2013 kwamba hakukuta ushahidi wa wazi kuwa gluteni iliongezwa kwa uzalishaji wa mbegu.

Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York alianza kuwatibu kwa ndizi. Ndizi nyingi kwa siku, mkate marufuku, na watoto wakanenepa. Akaamini ndizi ndiyo dawa. Wengi wakishaonekana wamepona wakaambiwa sasa wale kama wengine. Nikisoma habari zile huwa nawafikiria wale watoto, jibu lilikuwa mezani mbele yao na mtu akawarudishia mkate.

Aliyefumbua ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa Uholanzi. Alikuwa na shaka na ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja baridi ya njaa ya 1944 na 1945, vita, mkate ukatoweka nchini mwao, na watoto wake wa seliaki wakapata nafuu wakati nchi nzima inakonda. Mkate uliporudi, wakaumwa upya. Aliyaandika mwaka 1950.

Hata hapo hapakuwa na njia ya kuona utumbo wa mtoto aliye hai mpaka 1956 na 1957, vilipopatikana vifaa vya kuchukua kipande kwa kupitia mdomoni. Na kipimo cha damu alichofanyiwa binti yako kimejengwa juu ya ugunduzi wa 1997 tu. Sasa fikiria: kabla ya hapo mtoto alihesabiwa akiwa amekauka kama wako. Baada ya hapo akahesabiwa hata yule mwenye damu ndogo tu, au mfupi kuliko wenzake, au mwenye vidonda vya mdomoni visivyoisha. Lazima hesabu ipande. Kusini-mashariki ya Scotland watoto waliogunduliwa walikuwa 1.8 kwa kila 100,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakafika 11.7 kati ya 2005 na 2009. Sehemu ya hiyo ni macho ya nyavu.

Lakini si yote, na hapa ndipo naomba usome taratibu. Kuna damu ya vijana wa jeshi zaidi ya 9,000 iliyochukuliwa kambi ya Warren, Wyoming, Marekani, kati ya 1948 na 1954, ikahifadhiwa kwenye barafu. Miaka hamsini baadaye ikapimwa kwa kipimo cha kisasa, wavu mmoja kwa wote. Waliokuwa na seliaki walikuwa wawili katika kila elfu. Vijana wa umri ule ule wa miaka ya karibuni, kwa kipimo kile kile, karibu tisa katika kila elfu. Wavu haukubadilika, samaki wameongezeka mara nne na zaidi. Finland nako walipima damu za 1978 hadi 1980 na za 2000 hadi 2001: kutoka mtu mmoja katika mia, karibu wawili katika mia.

Kwa hiyo jibu langu: vyote viwili. Walikuwepo tukawakosa, na wameongezeka kweli. Mwaka 2020 watafiti walijumlisha tafiti za nchi nyingi, hasa za Magharibi, wakakuta wagonjwa wapya wanapanda kwa wastani wa 7.5% kila mwaka kwa miongo kadhaa, na watoto wapya ni wengi kuliko watu wazima.

Mdigo_Ughaibuni

Dada, pole na hongera. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Sweden mwaka wa kumi na nne, naandaa chakula kwenye shule ya msingi. Shemeji yako hakudanganya. Nina rafu yangu ya vyungu vya watoto wa seliaki, visu vyake, ubao wake, na siruhusu mtu aguse.

Nataka niongeze habari ya hapa kwa sababu inahusu hasa watoto na miaka. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 Sweden ilipata kitu ambacho wenyewe wanakiita mlipuko. Watoto wa chini ya miaka miwili wenye seliaki waliongezeka mara nne kwa muda mfupi. Kisha kuanzia 1995 na 1996 ikaporomoka ghafla. Ugonjwa wa kudumu, usioambukiza, unapanda na kushuka kama maji ya bahari! Walipochunguza wakaona mambo mawili. Mwaka 1982 wazazi waliambiwa wasubiri mpaka miezi sita ndipo waanze ngano, badala ya minne, kwa hiyo wengi walianza wakiwa wameshaacha kunyonyesha. Na wakati ule ule uji wa watoto wa viwandani, ambao huku hunywewa kwa chupa, ulitiwa ngano zaidi. Mtoto anakutana na ngano nyingi kwa mkupuo. Mwaka 1996 ushauri ukabadilishwa, kidogo kidogo huku ananyonya.

Wakapima damu watoto wa miaka 12. Waliozaliwa 1993, wakati wa mlipuko, walikuwa na seliaki karibu 29 katika kila elfu. Waliozaliwa 1997, 22. Imepungua, ila bado ni nyingi mno. Na katika lile kundi la 1993, karibu theluthi mbili ya waliokutwa hawakuwa wakijua. Watoto wanaocheza mpira, wanaosoma vizuri, na utumbo umelala. Hiyo ndiyo iliyonitisha mimi.

Niseme na hili, usije ukajihukumu kwa ile kilo ya ngano. Mwaka 2014 zilitoka tafiti mbili za Ulaya, watoto wakigawanywa kwa kura nani aanze gluteni mapema na nani achelewe, na haikubadilisha nani ataugua mwishoni. Kilichoonekana baadaye, 2019, ni kwamba wingi wa gluteni katika miaka ya mwanzo unahusiana na hatari kwa wale ambao tayari wana vinasaba vyake. Wewe ulimpikia mwanao uji kama ulivyofundishwa, dada. Basi.

Nesi_Mstaafu_Bagamoyo

Mwanangu wa Ngamiani, nimekusoma nikaweka miwani chini. Nimefanya kazi ya wodi na kliniki za watoto miaka thelathini na moja, mingi hapa Bagamoyo. Nimewapokea wengi walioletwa na jina hilo la kubemendwa, wengine wakiwa na hirizi tatu shingoni. Mama anaingia kainamisha kichwa, mume hayupo, na nyuma yake bibi mzaa baba kasimama kama askari.

Nataka useme na wengine wasikie: wengi katika hao hawakuwa na seliaki. Ilikuwa njaa ya kweli, surua iliyowaacha hoi, kuhara kusikoisha, kifua kikuu, baadaye VVU. Mama kapata mimba nyingine mapema, mtoto kaachishwa ziwa ghafla akapewa uji wa muhogo mtupu. Nadhani neno kubemendwa lilizaliwa hapo, wazee waliona mimba mpya na mtoto anayekwisha wakaviunganisha, kisha likageuka rungu la kumpigia mwanamke. Mama anayesoma hapa na mwanae amedhoofu asikimbilie kuondoa ngano. Aende apimwe haya ya kawaida kwanza, ndiyo mengi.

Ila wapo ambao mpaka leo nikifumba macho nawaona. Tulitibu kila kitu. Wodini tunampa maziwa na uji wetu, anapanda, tunamruhusu, anarudi baada ya miezi miwili kakauka vile vile. Tukiandika "utapiamlo" na kuandika tena. Sikuwa na kipimo, sikuwa hata na neno. Mmoja alipenda mkate kuliko chochote, baba yake alikuwa akiuza mkate. Siwezi kusema alikuwa na nini. Naandika tu kwamba namkumbuka.

Na chakula kimebadilika, hilo halihitaji daktari. Nilipokuwa msichana asubuhi ilikuwa muhogo wa kuchemsha, magimbi, viazi, au mofa, na mofa ya wakati ule ilikuwa ya mtama. Mkate wa mchele wa kumimina. Ngano ilikuwa ya Idi, ya harusi, na bokoboko la Ramadhani. Tena ile miaka baada ya vita vya Kagera unga wa ngano tulipanga foleni tukakosa. Leo toka nje saa kumi na mbili asubuhi hesabu masufuria ya maandazi na makarai ya chapati mpaka stendi. Mtoto wa mwaka mmoja ana biskuti mkononi ili anyamaze. Na ngano nyingi tunayokula nchi hii inatoka nje kwa meli.

Fundi_wa_Maabara

Shikamoo mama. Ulichokisema mwishoni ndicho nilitaka kukifikia, kwa sababu dada aliuliza "na huku kwetu".

Kuna jamii ya Wasaharawi, watu wa Sahara ya Magharibi, wengi wako kwenye kambi za wakimbizi Algeria. Mababu zao waliishi kwa maziwa na nyama ya ngamia na tende. Ndani ya vizazi vichache wakahamia mkate, na kambini unga wa ngano wa msaada ukawa ndio chakula. Mwaka 1999 ilichapishwa hesabu ya watoto wao: 5.6% wana seliaki, kiwango cha juu kabisa kupata kuonekana duniani. Na hao ni Waafrika, kwa hiyo ule msemo kwamba ni ugonjwa wa Wazungu tuuweke kando. Vinasaba vyao vilikuwa tayari vinangoja.

India inafundisha upande wa pili. Walipima watu wazima wa kaskazini wanaokula chapati kila siku, wakakuta 1.23%. Kusini wanaokula wali, 0.10%. Nchi moja, na vile vinasaba vya hatari havikutofautiana sana. Kilichotofautiana ni sahani. Sasa sisi wa wali, ugali na muhogo tumeishi kama kusini, na miji yetu inahamia kaskazini.

Kidunia, mjumuisho wa 2018 uliweka waliothibitishwa kwa kipande cha utumbo kuwa 0.7%, Afrika 0.5%, watoto 0.9% na watu wazima 0.5%. Hiyo ya Afrika imetoka nchi chache, nyingi za kaskazini. Kwa hiyo mtu akikwambia "kwetu hakuna", muulize umepima wangapi? Italia wao wametunga sheria mwaka 2023 watoto wote wapimwe kisukari aina ya kwanza na seliaki kabla hawajaumwa. Sisi hatuwezi hivyo leo, lakini kuna watoto ambao hatuna sababu ya kuwaruka: wenye kisukari aina ya kwanza, wenye ugonjwa wa Down, wenye damu ndogo isiyosikia dawa, na ndugu wa damu wa mgonjwa. Kwa ndugu wa tumbo moja ni karibu mmoja katika kumi.

Dada, yule wa mwaka mmoja na miezi mitano amepimwa?

Mama_Ngamiani

Shikamoo mama wa Bagamoyo. Nimesoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mume wangu akiwa pembeni. Kaka wa maabara na dada wa Sweden, Mungu awalipe.

Niwaambie lililotokea, maana ndilo lililonifanya niandike siku ile.

Tuliporudi kutoka Dar na majibu, mume wangu aliwakalisha watu wa kwao sebuleni akawaeleza kama alivyoelezwa. Utumbo, ngano, kingamwili. Mama mkwe alikuwa kimya muda wote. Watu walipoondoka akabaki. Akaniambia baada ya mume wangu alimzaa mtoto wa kike, mwaka 1986, hapa hapa Ngamiani. Tumbo kubwa, makalio yamekauka, choo cheupe. Marehemu baba mkwe alikuwa akifanya kazi kwenye duka la mikate, kila jioni anakuja na boflo, na yule mtoto akimsubiri kibarazani. Alifariki hajatimiza miaka mitatu. Na mama mkwe wake mwenyewe alimwambia, kwenye matanga, mbele ya watu: umembemenda mjukuu wangu. Akaishi na neno hilo miaka yote hii. Aliponiona mimi na mwanangu, akasema, alimwona yule yule karudi, na likamtoka lile lile alilotamkiwa.

Alinishika mikono akaniomba radhi. Mimi sikuweza kusema kitu. Nililia, tukalia wote wawili.

Sijui kama yule mtoto alikuwa nayo. Mama umesema vizuri, huwezi kusema mtu alikuwa na nini. Lakini wifi yangu mkubwa ana kisukari cha sindano tangu utotoni, na sasa naona jinsi vitu vinavyofuatana kwenye damu ya nyumba moja.

Tangu siku hiyo mama mkwe ndiye mlinzi. Amenunua mtama, ameuchambua punje moja moja kwenye ungo. Tuligundua mashineni wanasaga ngano na mahindi kwenye jiwe moja, mtoto akala ugali akahara siku mbili. Akaenda mwenyewe mpaka Makorora kwa mwenye mashine, wakakubaliana asage mzigo wetu wa kwanza asubuhi baada ya kupangusa, na debe la kwanza tunamwachia kuku wake. Mofa anachoma yeye. Vitumbua vya mchele, vibibi, muhogo wa nazi, samaki wa kukaanga bila kupakwa unga. Urojo wa jioni mtoto anaulilia, na ule unakolezwa kwa ngano, kwa hiyo bibi yake anamtengenezea kasufuria kake kwa unga wa dengu na embe mbichi. Bado tunajifunza. Nilikuja kujua baadaye kwamba hata zile tambi za Ramadhani ni ngano, na ile sosi nyeusi ya chupa nayo wengine huitengeneza kwa ngano.

Kuhusu mdogo, ndiyo, tumepanga Jumanne damu yake itolewe ipelekwe Dar. Yeye anakua vizuri, ila tumbo lake nalitazama kila usiku. Bahati nzuri nyumba nzima tumeacha ngano tangu dada yake agundulike, kwa hiyo naye hajaigusa miezi mitatu.

Fundi_wa_Maabara

Dada, hapo simama. Usipeleke damu hiyo Jumanne kabla hujaongea na daktari wako.

Kipimo kinatafuta kingamwili ambazo mwili unazitengeneza kwa sababu ya gluteni. Mtoto ambaye hajagusa ngano miezi mitatu anaweza kuwa nayo kabisa na kipimo kikasoma hana. Utarudi nyumbani umefurahi, utamlegezea, na baada ya miaka miwili unaanza upya ulikotoka. Kwa kawaida anatakiwa awe anakula ngano kila siku, zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki sita angalau, ndipo damu itolewe. Na waombe wapime pamoja na IgA ya jumla, yaani kiasi chote cha aina hiyo ya kingamwili mwilini, maana kuna watoto wenye IgA ndogo kwa asili yao, na kwao tTG-IgA pekee inadanganya. Daktari akiona ni salama, kwa kuwa anakua vizuri, mrudishieni ngano, mwandike uzito kila wiki, na akianza kuhara au kushuka mpelekeni mapema, msingoje wiki ziishe. Njia nyingine ni kipimo cha vile vinasaba vya hatari, vinaitwa DQ2 na DQ8. Akiwa hana vyote viwili, ni nadra sana kuja kuupata. Akiwa navyo haimaanishi ni mgonjwa, watu wengi wanavyo na hawaugui.

Nesi_Mstaafu_Bagamoyo

Msikilize, mwanangu. Na vyombo vya dada yake viwe mbali. Mdogo apewe andazi nje, barazani, anawe mikono na uso kabla hajaingia kucheza na mwenzake.

Mama_Ngamiani

Nimempigia daktari sasa hivi. Kasema ni kweli, na kajilaumu hakutuambia. Jumanne imefutwa, tunaanza wiki sita kesho.

Mama mkwe nimemweleza. Alikaa kimya, kisha akauliza mara mbili: nimpe ngano kwa mkono wangu mimi? Nikamwambia hapana mama, nitampa mimi. Kasema hapana, atampa yeye, nikae naye tu pale barazani. Kesho saa moja nitanunua andazi moja kwa jirani wa mbele.

Mdigo_Ughaibuni

Andika uzito wake leo usiku kabla hujaanza, dada. Kwa mizani ile ile ya kliniki kama unaweza.